Mwamuzi Alikuja Mwenyewe

Kama hukuwa nami wiki zilizopita, sogea nikupe kwa kifupi. Mimi ni beki wa kati. Mashabiki waliniita Komeo, kwa sababu washambuliaji wakifika kwangu wanakuta pamefungwa. Siku ya mechi yetu na mahasimu wetu, filimbi ya mwisho ilipolia, watu walijazana kwenye ile njia nyembamba ya kwenda vyumba vya kubadilishia nguo. Mwamuzi akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Ripoti ikasema namba nne ndiye aliyemsukuma. Namba nne ni mimi. Kamati ya nidhamu ikanifungia misimu miwili.

Sikumsukuma. Nilijaribu kumdaka. Nilisema hivyo mbele yao, wakanitazama kama mtu anayedai ng'ombe wake ana mbawa.

Kwa umri wangu, misimu miwili ni kustaafishwa. Magoti yangu hayawezi kusubiri hivyo. Nikakata rufaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimetoka chumba kimoja nikaingia kingine, ndani ya nyumba ile ile.

Wakili wa klabu alinikalisha ofisini kwake akanifungulia kanuni. Ripoti ya mwamuzi, akasema, ndiyo neno la mwisho kuhusu kilichotokea. Mtu pekee anayeweza kuirekebisha ni mwamuzi mwenyewe.

Nikamwambia basi tumwite.

Akasema sisi hatuna uwezo wa kuita shahidi, kamati ndiyo inayoita. Halafu akavua miwani, na mimi nikajua linakuja zito.

"Na wewe hata salamu yake usiijibu," akasema. "Mchezaji mwenye shauri haruhusiwi kuwasiliana na maofisa wa mchezo kwa njia yoyote ile mpaka shauri liishe. Ukivunja hilo, rufaa inafia hapo hapo, na kifungo kinakuwa cha maisha."

Nikamwuliza kamati itamwitaje mtu ambaye haijui kama ana la kusema. Akanijibu kwamba hilo ni swali zuri sana. Siku ile nilijifunza kwamba wakili akikusifia swali, hana jibu.

Nikauliza la pili: nani anaongoza kamati ya rufaa? Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Mwenyekiti alikuwa yule yule aliyesaini adhabu yangu ya kwanza. Alikuwa ametoka kamati ya nidhamu akahamia ya rufaa, na faili langu akahama nalo.

Nikarudi nyumbani nikakaa.

Watu wanadhani kufungiwa ni kukosa mechi tu. Si hivyo. Barua ilisema nisijihusishe na shughuli yoyote ya mpira. Siruhusiwi mazoezini na wenzangu, siruhusiwi kukanyaga uwanja wowote hata kama mtazamaji, siruhusiwi kumfundisha mtu. Asubuhi nilikuwa napanda na kushuka ngazi za jengo letu mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama kuna mtu anahama.

Siku moja napita kando ya kiwanja cha mtaani, mpira ukatoka ukaja mpaka miguuni pangu. Watoto wakanitambua. Wakasimama wote kimya, wanangoja Komeo aupige. Nikaangalia huku na huku kama mwizi. Kila mtu ana simu ya kupigia picha siku hizi. Nikainama, nikauokota kwa mikono, nikawarudishia kwa kuuviringisha. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba kumbe naumwa.

Niliumia kuliko siku ile ya hukumu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Ana kiduka kwenye safu ya maduka karibu na kituo cha basi: vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pembeni kijichumba cha kujaribia nguo chenye pazia. Aliponiona nazidi kununa sebuleni, akaniambia niache kuzihesabu taa za dari nikamsaidie. Nikaanza kupiga pasi. Sikuwa mbaya. Wateja walikuwa wanatania kwamba suruali zao sasa zinapigwa pasi na mchezaji wa ligi kuu, na kwamba kwenye mikunjo yake hakuna anayepita.

Nilicheka nao. Usiku nilikuwa silali, lakini mchana nilicheka nao.

Mchana huo ninaotaka kuwasimulia, fimbo ya pazia la kile kijichumba ilikuwa imelegea. Nikaingia ndani na bisibisi, nikavuta pazia, nikapanda kwenye kigoda. Nikasikia mteja anaingia na kusalimu.

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Ndiyo iliyokuwa inaniambia "namba nne, rudi nyuma" msimu baada ya msimu.

Nikachungulia upenyoni mwa pazia. Ni yeye. Mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko, kwapani kabana shati jeupe. Mwamuzi wetu, kwa wasiojua, siku za kazi ni mwalimu wa hesabu. Akamwomba mke wangu aufumue mkono wa shati, plasta ipate kupita, kwa sababu amekuwa akienda darasani na fulana na wanafunzi wanamwona kichekesho.

Mke wangu hakumjua. Kwake yeye, waamuzi wote ni watu wa kaptura. Akachukua utepe akaanza kumpima, anamwuliza aliangukia wapi.

Na mimi niko juu ya kigoda, bisibisi mkononi. Kijichumba kile hakina mlango wa nyuma. Nikitoka, nimekutana na ofisa wa mchezo. Nikikaa, namsikiliza kwa siri. Nikakaa. Nilibana pumzi kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mwalimu hakujibu aliangukia wapi. Akasema, "Fundi, wewe ndiye mke wa Komeo?"

Utepe ukasimama.

Akajitambulisha. Halafu akasimulia, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake njiani. Siku ile, kabla ya kugeuka kwenda ngazini, aliuona mlango wa nje wa ile njia uko wazi. Mlango ule ni wajibu wa kamisaa wa mchezo, msimamizi anayetumwa na ligi, kuhakikisha umefungwa. Kamisaa alikuwa ameufungua mwenyewe ili wageni wake wapite, na nyuma ya wageni wakaingia mashabiki kama maji. Mwalimu alipogeuza mgongo alihisi uzito wa watu, akahisi mkono begani, kisha ngazi.

Hakuona aliyemsukuma. Hakumwona mtu yeyote. Alipozinduka yuko hospitali, kichwa kizito kwa dawa za maumivu, na kamisaa amekaa kando ya kitanda na ripoti iliyokwisha kuandikwa. Kamisaa akamwambia, "Ni namba nne, nimeona kwa macho yangu." Mwalimu akasaini kwa mkono wa kushoto.

"Nimewaomba wanirudishie ripoti niirekebishe," akasema. "Wananiambia ikishasainiwa haiguswi mpaka kamati iniite. Na kamati haijaniita."

Mke wangu akakunja utepe. Alipoongea, alitumia ile sauti anayowapa wateja wanaoleta kitambaa leo wakitaka gauni kesho.

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini, mwalimu?"

"Ule mkono wa begani," akasema. "Nikiitwa, wataniuliza ulikuwa unanisukuma au unanishika. Mimi sijui. Na siwezi kusema nisilolijua. Nilitaka kumwuliza mumeo."

Mke wangu akamjibu kwamba mumewe haruhusiwi kuonana naye. Mwalimu akasema anajua, hata yeye haruhusiwi. Akanyoosha mkono mzima kuchukua shati lake. Akasema basi, wakimwita atajibu kwamba hajui.

Nitawaambia ukweli wangu. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Aondoke, mimi nibaki na usafi wangu wa kwenye karatasi. Lakini neno "sijui" kutoka kwa mtu pekee anayeruhusiwa kujua lingenizika. Ripoti ingebaki ilivyo. Na yule mtu alikuwa amekuja kwa miguu yake kutafuta ukweli, na ukweli uko juu ya kigoda, umeshika bisibisi.

Nikavuta pazia.

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alirudi hatua moja, akaangalia mlangoni, halafu akanitazama.

"Nilikushika shati, mwalimu," nikasema. "Hapa begani, karibu na kola. Ukanichomoka."

Akafumba macho. Akapeleka mkono wa kushoto shingoni, mbele, pale penye koo. Alikaa hivyo kama anayepiga hesabu ya kichwani.

"Kola ilinikaba," akasema polepole. "Nilijua kuna kitu kimenikaba, nikadhani ni mwanguko. Lakini mtu akisukumwa kola haimkabi. Inamkaba akivutwa nyuma."

Hakuna kingine tulichosema. Hakunipa mkono, sikumpa wangu. Shati akaliacha, akaondoka haraka na fulana yake. Mke wangu akarudi kwenye cherehani akakaa bila kushona. Akaniuliza kama najua nilichokifanya. Nikasema najua. Kumbe sikujua hata nusu.

Siku chache baadaye wakili akanipigia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. Kamati imemwita mwamuzi. Atakuwepo kwenye kikao cha rufaa.

Nilimbeba mke wangu katikati ya duka mbele ya wateja. Nilitoa viatu vyangu vya mpira chini ya kitanda nikavipangusa. Mke wangu alinitazama nikivipangusa, akasema tu nisivivae kwanza.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi za ligi, chumba chenye meza ndefu na kabati la vikombe vilivyofubaa. Mke wangu akabaki nje kwenye benchi la koridoni. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, utepe wa kupimia bado uko shingoni.

Nikaingia na wakili. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa upande wa pili, na shati lake jeupe, mkono mmoja umefumuliwa na kushonwa pindo safi. Niliitambua kazi ya mke wangu, nikatazama pembeni.

Halafu nikamwona kamisaa. Hakuwa kwenye viti vya mashahidi. Alikuwa amekaa kushoto kwa mwenyekiti, na kitabu cha kanuni mbele yake.

Nikamnong'oneza wakili kumwuliza yule anafanya nini pale. Akaniambia ni mshauri wa kanuni. Kamati ina haki ya kuwa na mshauri wa kanuni.

Niliomba kusema neno. Nikamwambia mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba yeye ndiye aliyenihukumu mara ya kwanza, na aliyeleta hadithi ya kwamba nimesukuma mtu amekaa ubavuni pake. Nani basi wa kuisikiliza rufaa yangu upya?

Mwenyekiti hakukasirika. Angekasirika ningejisikia nafuu. Alinieleza kwa upole, kama daktari, kwamba ile ilikuwa kamati ya nidhamu na hii ni kamati ya rufaa, na ni vyombo viwili tofauti kabisa. Nikatazama vyombo viwili. Vilikuwa vimevaa tai moja.

"Kabla hatujafika kwenye rufaa," akasema, "kuna jambo jipya."

Akasoma. Mwalimu, alipoandika kuiomba kamati imwite, alitaka kueleza kwa nini sasa ana uhakika na ule mkono wa begani. Na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuruka hatua hata moja ya hesabu, alieleza yote. Alienda duka gani. Alimkuta nani nyuma ya pazia. Aliniuliza nini, nilijibu nini.

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekwenda kuita zimamoto, akarudi na petroli. Hakunichongea. Hakujua kusema nusu ya ukweli, basi.

Mwenyekiti akaendelea. Mawasiliano yamefanyika, hilo halina ubishi. Linalobaki ni moja: nani alimtafuta mwenzake?

Mwalimu akasimama. "Nilikuja mwenyewe."

"Hujaulizwa bado, mwalimu," mwenyekiti akasema. "Na kabla hujaulizwa, ujue unachokisema."

Kamisaa akamfungulia ukurasa. Ofisa wa mchezo anayemfuata mchezaji mwenye shauri, akasoma, anaondolewa kwenye orodha ya waamuzi, na ushahidi wake unatupwa. Akafungua ukurasa mwingine. Mchezaji anayemfuata ofisa wa mchezo, rufaa yake inafutwa na anafungiwa maisha.

Akafunga kitabu taratibu na kukilaza mezani.

Sikuhitaji wakili kunifafanulia. Nikisema nilimtafuta, nimekwisha. Nikisema alinitafuta, amekwisha yeye, na maneno yake ya kola na koo yanakwenda naye, ripoti inabaki kama ilivyosainiwa hospitalini, na mimi nimekwisha vile vile. Tofauti ni kwamba kwa jibu la pili ningemzika na mtu mwingine. Mtu ambaye alikuwa anapuliza filimbi tangu mimi nachezea timu za mtaani bila viatu.

Wakili akainama sikioni kwangu. Akasema klabu ingependelea nimtaje mwamuzi. Nikamwuliza hiyo inanisaidiaje. Akasema mimi hainisaidii sana, lakini klabu inabaki safi. Ndipo nilipoelewa kwamba mle ndani niliingia peke yangu.

Wakili akaomba kikao kiahirishwe. Mwenyekiti akakataa. Akaangalia karatasi yake, akauliza hilo duka ni la nani.

Nikasema ni la mke wangu.

"Yuko wapi?"

Macho yangu yalikwenda mlangoni yenyewe.

Wakaagiza aitwe. Wakili akasema kwa sauti hafifu kwamba huyu mama hahusiki na ligi. Hakuna aliyegeuka kumsikiliza.

Mke wangu akaingia, akasalimia wakubwa wote kwa zamu, hata kamisaa. Akapewa kiti, akakataa kukaa. Mwenyekiti akamweleza swali kwa upole ule ule wa kidaktari: kati ya mumewe na mwamuzi, nani alimtafuta mwenzake?

"Hakuna," mke wangu akasema. "Mimi ndiye niliyempigia simu mwalimu."

Mwalimu aligeuza shingo kumtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona mtu anayeteseka kwa kunyamaza namna ile.

"Nilimwita aje dukani," mke wangu akaendelea. "Hakunifuata, wala mume wangu hakumfuata. Sasa naomba niulize na mimi, baba. Ligi yenu ina adhabu gani kwa fundi cherehani?"

Kwa nukta chache niliona mwanga. Ligi haimwezi. Yeye si mchezaji, si mwamuzi, si ofisa wa chochote. Kama ndiye aliyemwita mwalimu, mwalimu hana kosa, na mimi sina kosa, na ushahidi unasimama. Nilimpenda mke wangu pale kuliko siku niliyomwoa.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama, wewe hatuna adhabu yako," akasema. "Tunayo ya mumeo. Kanuni inasema kwa njia yoyote ile. Mke ni njia. Kama alijua unampigia, ni kama amepiga yeye."

Kamisaa akasogea mbele. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayemsaidia mgeni kuvuka barabara. Akasema jambo hili ni jepesi. Mama ana simu. Kama alipiga, namba ya mwalimu imo. Na kama haimo, basi mama amekuja kuidanganya kamati kwa niaba ya mumewe, na hilo nalo lina ukurasa wake.

Mke wangu akaingiza mkono mkobani. Hakusita, hakuharakisha. Akaitoa simu, akaiweka juu ya ile meza ndefu, kioo kikiwa juu, akaisukuma kwa kidole mpaka katikati.

Nimelala na kuamka na mwanamke huyu miaka mingi. Najua akikasirika kabla yeye hajajua. Lakini pale sikuweza kusema kama ameweka mezani ukweli au uongo. Kama alimpigia kweli, basi alinificha, na mimi ni msafi. Kama hakumpigia, nikisema sikujua nimeukubali uongo wake, na dakika moja baadaye simu ile ingetuonyesha wote wawili kuwa waongo.

Kamisaa akanyoosha mkono kuichukua. Mwenyekiti akamzuia.

"Ngoja," akasema. "Kabla hatujaifungua." Akanigeukia. "Simama, Komeo. Ulijua?"

Nikasimama. Nikamtafuta mke wangu kwa macho, anipe dalili japo ya kope. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama simu.